Mfalme Asiye na Nywele

Akwilina tulimzika Jumanne, na watu walikuwa wengi kupita kiasi. Mimi nilikaa mbele kabisa, kwenye mkeka wa wafiwa, na kila mara niligeuka nyuma kutazama kama bado wanaongezeka. Walikuwa wanaongezeka. Walikuja watu wa vijiji vya Kisawasawa na Sanje, wengine kwa miguu na matope ya masika mpaka magotini, na walikuja wazee wa ng'ambo ya mto ambao nilidhani wamekwisha kufa zamani. Nikajisemea moyoni, Felista, siku yako hawatafika nusu ya hawa. Nimekula chumvi nyingi, nimezika watu wengi wa kwangu, na hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza katekista alipokuwa akiongoza sala.

Baada ya kaburi kufukiwa, mjukuu wake ambaye ni mwalimu wa shule alisimama kusoma historia ya marehemu. Alipofika zamani za Wajerumani akaninyooshea mkono. Alisema kwamba bibi yao asingeishi, na wao wasingezaliwa, kama si huyu Bibi Felista mnayemwona hapa, ambaye mwaka wa vita vya Maji Maji alijitokeza mbele ya afisa wa Kijerumani akasema kosa ni langu, mwacheni mwenzangu. Watu wote wakanigeukia. Mama mmoja nisiyemfahamu alinishika mikono yote miwili akaiweka kwenye paji la uso wake, nami nikainamisha kichwa kama mwali. Hadithi hiyo imezunguka bonde hili kwa zaidi ya miaka hamsini, na mimi nimeila vizuri. Nimepewa kiti cha mbele harusini kwa ajili yake, nimewekewa paja la kuku kwa ajili yake, hata padre mmoja aliwahi kunitaja katika mahubiri ya Kwaresima. Na si hadithi ya uongo. Maneno ya kwamba ni mimi niliyasema kwa kinywa changu. Kwa nini niliyasema, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na kwa kuwa masista walinifundisha kuandika, nitaliandika mwenyewe.

Mwaka ule ulianza na mavuno mazuri ukaishia tunachimba mizizi. Nilikuwa msichana mkubwa, mwenye nguvu na maringo, na kazi yangu ilikuwa ufinyanzi. Hatukuwa tumebatizwa bado, mimi wala Akwilina, lakini nitatumia majina haya kwa kuwa lake ndilo lililoandikwa msalabani. Palikuwa na Mjerumani mmoja hapa Ifakara aliyejenga nyumba karibu na mto. Serikali yake ilimtuma kupima maji ya Kilombero. Alisimika nguzo zenye mistari myekundu na myeupe ndani ya mto, na kila asubuhi alikwenda kuzisoma kama padre anavyosoma kitabu chake cha sala. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Miwani. Siku moja nilimpelekea vyungu vya kuuza, akanisimamisha, akataka nibaki jikoni kwake. Nilibaki. Kwa hiyo katika nyumba ile mimi nilitangulia, na neno hilo nililirudia moyoni mwaka mzima, mimi nilitangulia.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na baraza pana iliyotazama maji. Chumba cha kwanza alilala, hatukuingia. Cha pili kilijaa karatasi na mchwa. Cha tatu tulikiita chumba cha wafalme, ingawa mfalme alikuwa mmoja tu. Palikuwa na meza, taa, mizani ndogo kama ya kupimia dawa, na kisanduku cha mti mweusi. Ndani ya kisanduku kulikuwa na kitambaa chekundu chenye vishimo saba, na katika kila kishimo sarafu ya fedha isiyozidi ukucha wa dole gumba. Mara ya kwanza nilidhani ni rupia zilizoharibika, maana hazikuwa na duara kamili na kingo zake zilikuwa zimeliwa. Bwana Miwani alicheka sana. Alinieleza kwa Kiswahili chake kilichosimama kama nguzo zake, kila neno peke yake, kwamba hizo ni sarafu za Kaisari wa Roma wa zamani, na kwamba yeye hakusanyi za Makaisari wengine wote ila huyo mmoja, kwa sababu huyo alitawala miezi mitatu tu, na miezi mitatu haitoshi kupiga sarafu nyingi. Miezi mitatu! Huku kwetu mpunga unakuwa bado haujachanua. Niliwaza kwamba mtu akikusanya vitu vya jumbe aliyeondolewa baada ya miezi mitatu, watu watasema kichwa chake kina walakini. Lakini kicheko changu nilikiweka siri, nikawa nafuta vumbi na kutazama.

Siku aliyokuwa na mgeni mezani, mfanyabiashara aliyepita kwenda Mahenge, nilisimama na bakuli la wali nikamsikia akisimulia mwisho wa mfalme wake. Alimsimulia mgeni kwa lugha yao, kisha akanigeukia akanisimulia mimi kwa Kiswahili, kama aliyeogopa kubakiza hata mtu mmoja asiyejua. Mfalme yule aliingia vitani na mwenzake aliyetaka kiti. Alishindwa vita moja, lakini bado alikuwa na askari wengi waliotaka kupigana. Akawaambia inatosha, watu wamekufa wengi kwa ajili ya mtu mmoja. Akalala usingizi mzuri, na kulipokucha akajichoma kisu. Bwana Miwani alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha meza. Baadaye masista waliponifundisha habari za Roma nilitambua kwamba mtu huyo alikufa wakati mitume wengine walikuwa bado hai, na bado palikuwa na mtu Ifakara wa kumlilia. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mfalme alikuwa na upara, na zile nywele zilizopangwa mistari mistari kichwani ni za bandia. Nililipenda hilo kuliko mengine yote.

Katika nyumba ile wivu haukuanza na mimi. Bwana Miwani alikuwa na mwenzake huko Ulaya, mwalimu wa mji wao, ambaye naye alikusanya mfalme yule yule, na yule mwalimu alikuwa na tisa. Barua zake zilikuja na wapagazi kutoka pwani, na siku ya barua Bwana Miwani hakula. Nilikuwa napeleka chakula na kukirudisha vile vile, huku nikimsikia akitembea chumbani akijibizana na karatasi. Nilimwelewa kabla sijaelewa hata neno moja la lugha yao. Moja ya sarafu zake, alisema, ina shada la maua lisilofanana na la nyingine zote duniani, mkononi mwa yule mwanamke aliyesimama upande wa pili, ambaye jina lake ni Usalama. Mwalimu wa Ulaya hakusadiki. Aliandika kwamba jua la Afrika limemharibu mwenzake macho. Kupeleka sarafu yenyewe Bwana Miwani hakuthubutu, meli huzama na watu huiba. Ndipo akanitazama mimi, akatazama chungu nilichokuwa nimebeba, akaniuliza kama udongo wetu unaweza kushika sura.

Nilijaribu. Nilikandamiza sarafu kwenye udongo, nikachoma ule udongo ukawa kalibu, kisha nikachapia udongo mwingine ndani yake. Lakini nilitumia udongo niliofundishwa na mama yangu, ule unaochanganywa na chenga za vigae vilivyosagwa ili chungu kistahimili moto. Kwa chungu hakuna udongo bora kuliko huo. Kwa uso wa mfalme ulikuwa hasara. Chapa ilitoka na pua, ikatoka na kidevu, lakini kichwa kilitoka laini kama yai. Nywele zote zilipotea. Bwana Miwani aliishika kwenye mwanga, akasema, huyu si Kaisari, huyu ni babu, itupe. Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya wowote. Chapa niliitupa. Kalibu niliifunga kwenye upindo wa kaniki yangu, na hata leo siwezi kusema nilikuwa na nia gani.

Akwilina nilimleta mwenyewe, ndiyo sehemu inayouma. Tulichimba udongo shimo moja kule ukingoni mwa mto Lumemo. Alikuwa amenizidi miaka miwili mitatu, nikimwita dada, na mumewe alikuwa amekwenda pwani na wapagazi akasahau njia ya kurudi. Nilimhurumia, nikamwambia njoo tusaidiane kazi za jikoni. Hakukaa wiki mbili akaona kisanduku. Akauliza kinachotakiwa, nikamweleza huku nikicheka, nikamwambia kwamba haiwezekani. Yeye hakucheka. Alichukua udongo akauloweka, akaukoroga, akaacha mzito ushuke chini, akakusanya ule mwembamba wa juu kama mtu anavyoengua mtindi. Sarafu aliipaka mafuta ya nyonyo kidogo sana kwa ncha ya unyoya. Chapa alizikausha kivulini ndani ya jani la mgomba kwa siku sita. Zilipotoka motoni, mfalme alikuwa na nywele zake zote, mstari mmoja mmoja, kama aliyetoka kusukwa asubuhi ile. Na yule mwanamke wa upande wa pili alikuwa na shada lake mkononi, na kila jani lilihesabika. Bwana Miwani alizunguka meza mara mbili. Kisha akavuta kiti, akamwambia Akwilina akae.

Akae. Mimi nilikuwa nimesimama katika nyumba ile miezi minane. Tangu siku hiyo Akwilina alifanyia kazi barazani, kwenye kiti, na mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunawa. Alipewa mkate. Alipewa kanga nyekundu. Alipewa chumvi, wakati ambao chumvi ilikuwa haipatikani kwa sababu njia ya pwani ilikuwa inafungwa mara kwa mara na vita, na kila jioni aliigawa chumvi hiyo katikati akanipa nusu kwenye jani. Ningependa aninyime. Angeninyima ningekuwa na sababu, lakini wahenga walisema hasidi hana sababu, na walinisema mimi. Nililamba chumvi ile nikamchukia kwa kila punje. Nilimsikia Bwana Miwani akimwita kwa jina, mimi ambaye alikuwa akiniita Jikoni tu. Nilikuwa nasugua sufuria huku nimetega sikio barazani, na wakicheka nilisugua mpaka mchanga ukanitoa ngozi.

Kwetu wafinyanzi kuna desturi. Wanaochimba shimo moja huchoma moto mmoja, na kabla ya kuwasha kila mmoja husema lililo moyoni mwake juu ya wenzake. Ukiwa na kinyongo unakitoa, ukiwa huna unasema huna, kisha unanyunyiza maji juu ya vyombo. Anayeficha, vyombo vya mwenzake hupasuka. Mara tatu tulichoma pamoja, mara tatu nilimtazama Akwilina machoni nikasema sina kitu juu yako, dada, na mara tatu vyungu vyangu vilitoka vizima na chapa zake zikapasuka katikati ya uso. Leo najua kwamba udongo mwembamba haupendi moto wa kuni. Siku ile niliogopa, na chini ya hofu nilifurahi. Akwilina alikusanya vipande, na mara ya nne alijitengenezea moto wake mdogo wa pumba za mpunga nyuma ya nyumba, peke yake. Zote zilitoka nzima. Watu wa shimo letu walielewa maana ya mtu kujitenga moto, wakawa wananiangalia kwa pembe ya jicho nikipita.

Ndipo nilipoitoa kalibu kwenye upindo. Chapa za Akwilina zilikuwa zinakwenda Ulaya, zimefungwa pamba kama mayai. Nikasema na zangu zitakwenda mahali. Wakati huo askari walikuwa wamekwisha kuanza kuchoma mashamba ya mpunga, na watu walikuwa wamekimbilia vichakani chini ya milima upande wa Kisawasawa. Nilipokwenda kuchimba udongo nilikutana nao, hasa wavuvi na wanawake waliorudi kwa kujificha kutafuta chakula. Nilichapa vile visahani vidogo vya mfalme mwenye upara, nikavitoboa kwa kijiti kabla ya kuvichoma, nikawapa. Waliuliza ni nani. Niliwaambia ni mfalme aliyekubali kufa mwenyewe ili watu wake wasife tena. Hayo nilisema, na ni kweli tupu. Wao ndio waliosema kwamba basi huyu anazuia risasi. Wengi walikuwa wamepoteza imani na maji, walikuwa wameona maji hayafanyi kitu, na walihitaji kingine cha kushika. Mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Walinishukuru, waliniita mama mimi ambaye sikuwa na mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu Akwilina aje kulikuwa na watu waliotafuta kazi ya mikono yangu. Mzee mmoja mvuvi, Lipangala, alinipa samaki mkavu, akavaa chake shingoni kwa uzi wa nyavu. Alinitania kwamba yeye na mfalme huyu wamefanana vichwa. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Haikuchukua mwezi. Bwana Miwani alikuwa amekwenda juu ya mto kwa mtumbwi kukagua nguzo zake, akafika afisa mmoja na askari wake, akajifanyia kambi barazani petu. Alikuwa na vile visahani vitatu. Vilikuwa vimevuliwa shingoni mwa watu waliopigwa risasi huko vichakani. Alikuwa amekwisha kusikia habari za maji, mtama na vijiti vya kuvaa shingoni, sasa akaona hii ni dawa mpya, na dawa mpya ina maana vita vipya. Akataka mtengenezaji. Hakukuwa na haja ya kuuliza sana, Ifakara nzima ilijua ni nani anayefinyanga uso wa mfalme kwa Mzungu. Walimchukua Akwilina akiwa na udongo mikononi, wakamfungia katika ghala ya mahindi. Alikana. Shaushi, mkubwa wa askari wale, mtu wa mbali aliyejua Kiswahili vizuri, alimwambia kwamba asipotaja wenzake atanyongwa Jumamosi.

Kwa siku mbili nilimpikia afisa yule. Njia ya kutoka jikoni kwenda barazani ilipita mbele ya mlango wa ghala, na nilipita mara sita kwa siku nimeshika sahani. Kupitia nyufa za mlango niliweza kuona ile kanga nyekundu. Nilijiambia kwamba Bwana Miwani atarudi kesho na kueleza. Nilijiambia kwamba nikisema watatunyonga wawili, kuna faida gani. Hayo yote niliyawaza na yalikuwa na akili. Lakini nimesema nitaandika ukweli, na ukweli ni kwamba asubuhi ya siku ya kwanza nilipita barazani nikaona kile kiti kitupu, na nikasikia utamu. Haukudumu, ila niliusikia.

Siku ya tatu asubuhi waliniita nikatoe ushahidi. Afisa alikuwa amekaa, shaushi amesimama, na visahani vitatu vilikuwa mezani kando ya kikombe cha kahawa nilichokuwa nimekileta mwenyewe. Kimoja kilikuwa bado na uzi wa nyavu. Niliutambua uzi ule. Lipangala nilimlilia baadaye, huko Mahenge, na sijamaliza kumlilia. Asubuhi ile sikumlilia. Walimleta Akwilina amefungwa mikono, midomo imepasuka kwa kiu. Shaushi akaniuliza kama najua hivi ni vya nani. Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu langu, nalo lilikuwa sijui. Sikuwahi kulitoa, kwa sababu Akwilina alisema kabla yangu.

"Msimuulize huyo," alisema. "Ni vyangu vyote. Yeye hajui kufinyanga. Anajua kuosha sufuria."

Sijui niseme nini juu ya kilichonipanda. Haikuwa huruma, maana huruma naifahamu. Haikuwa ujasiri. Nilikuwa nimemwachia kiti, nimemwachia kanga, nimemwachia Ulaya nzima, nikabaki na visahani vile vibovu na watu wachache wa vichakani walionishukuru, na sasa hata visahani hivyo alikuwa anavichukua mbele ya watu.

"Mwongo," nikasema. "Ni vyangu. Tazameni kichwani. Vyake vina nywele, vyangu havina. Hivi nimevitengeneza mimi, kwa mikono hii, na watu nimewapa mimi."

Nikafungua upindo wa kaniki, nikatoa kalibu, nikaibamiza mezani hata kahawa ikamwagika. Afisa alichukua kisahani kimoja, akakiweka ndani yake, kikaingia sawasawa. Kisha akaenda chumba cha wafalme akarudi na chapa mojawapo ya Akwilina, akaviweka vyote viwili bega kwa bega kwenye mwanga. Alitazama muda mrefu. Walimfungua Akwilina, wakanifunga mimi kwa kamba ile ile. Watu waliokuwa wamekusanywa uani kushuhudia waliona mwanamke mmoja akichukua kosa, na mwingine akitaka kuchukua nafasi ya mwenzake, na tangu hapo wakaanza kusimulia. Ni haki yao. Hata mimi ningekuwa uani ningesimulia hivyo.

Sikunyongwa kwa sababu Bwana Miwani alirudi baada ya siku tatu na kuandika barua ndefu kwenda boma la Mahenge, akieleza kwamba uso ule ni wa Kaisari wa Roma na kwamba ni kazi ya elimu. Niliambiwa kwamba katika barua hiyo hiyo aliomba arudishiwe kalibu, kwa kuwa ilitokana na mali yake. Nilikaa kwenye mnyororo miezi minne, nikibeba mawe ya ukuta wa boma pamoja na wanawake ambao waume zao walikuwa wamenyongwa mbele ya macho yao. Mmoja aliniambia kwamba kaka yake alikuwa na kisahani shingoni, mfalme asiye na nywele, na kwamba alikufa akiwa hana hofu. Alinisimulia ili kunifariji, kwani hakujua. Sikumwambia. Mara mbili Akwilina alivuka mto na kupanda mlima kwa miguu kuniletea mihogo mikavu na chumvi. Alinieleza kwamba jibu la Ulaya limekuja, mwalimu amekubali shauri la shada, na Bwana Miwani siku hiyo alikula sahani tatu. Nilikula mihogo yake, nikamsikiliza, nikamwonea wivu kwa kuwa alikuwepo barua ilipofunguliwa.

Miaka iliyobaki tuliishi jirani. Tulizaa, tulibatizwa, tulilima, tulizeeka, na kila mtu alituita mapacha. Nilimwonea wivu kwa mume wake wa pili, kwa meno yake yaliyokaa mpaka mwisho, kwa mjukuu mwalimu. Na kila niliposifiwa mbele yake kwa ajili ya siku ile, yeye alitikisa kichwa kukubali, akatazama chini.

Mwezi uliopita aliponitumia mtu nilimkuta amelazwa kwenye chumba cha mwanawe, dirisha wazi, bakuli la uji limepoa kando. Nilimpa vijiko viwili, akakataa cha tatu. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikamwambia kwamba siku ile barazani sikusema kwa kumpenda. Nikamwambia nilipita mlangoni na sahani siku mbili na nilijua ninachofanya. Nikamwambia ni wivu uliofungua kinywa changu, basi.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakusikia ukipita. Siku ya kwanza nikasema, Felista atasema. Siku ya pili nikasema, hasemi huyu. Nikakaa nikajiuliza nitamtoa kwa kitu gani. Kwa huruma hatoki. Kwa Mungu, alikuwa hajamjua. Nikaona nichukue kazi yake niiite yangu, na nimtukane kidogo juu yake."

Zaidi ya miaka hamsini nilidhani kwamba hata katika ubaya wangu, tendo lile angalau lilikuwa langu. Nikamuuliza kama kweli alitaka kunitupa kwenye kamba ili yeye apone. Akasema ndiyo, kosa lilikuwa langu na shingo ilikuwa yake, ila baadaye alipanda mlima ule mara mbili kwa sababu hakupata usingizi. Akapumzika. Kisha akasema kwamba kilichomuuma zaidi ni lile neno la sufuria, kwa kuwa halikuwa kweli.

"Vyungu vyako vilikuwa vizuri kuliko vyangu," alisema. "Tangu shimoni kule. Nilikuwa navitazama nikikosa raha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, neno dogo kama hilo. Alicheka mpaka nikamshika mgongo.

"Ningekuambia, ungeringa."

Alikufa siku ya tisa baada ya hapo. Nimekaa nyumbani tangu mazishi, watu wanakuja kunipa pole na kunisifu, wengine wanaleta unga. Maneno ya Akwilina juu ya vyungu vyangu ninayo, hakuna mwingine aliyeyasikia, na ningependa sana kuringa. Lakini sina wa kumringia.